Bastola ya Fataki Ilitegemewaje?

Katika bonde la Val Trompia na vijiji vya jirani, kaskazini mwa Italia, viko viwanda ambavyo hadi leo vinatengeneza bastola ambazo Wamarekani waliozibuni waliziacha katika miaka ya 1870. Ni bastola za fataki: silinda yenye vyumba sita, kila chumba kinamiminiwa baruti kwa mbele, kinashindiliwa risasi ya mviringo, kisha kwa nyuma kinavishwa fataki yake. Wanunuzi wengi wako Marekani. Wengi wao huzitaka kwa kulenga shabaha au kwa maigizo ya vita vya karne ya 19, lakini wamo pia wanaouliza swali la mtu anayetaka kutembea nayo kiunoni kila siku: je, siku ya shida italia? Jibu linalotolewa haraka ni la kihistoria. Wild Bill Hickok alitembea na mbili, wapiganaji wa msituni wa Missouri walitembea na nne au zaidi, na wote hao waliishi kwa silaha. Kama ziliwafaa wao, nakala zenye chuma bora zitashindwaje? Hoja yangu ni kwamba historia hiyo hiyo, ikisomwa kwa makini, inasema kinyume. Walioishi kwa bastola ya fataki hawakuiamini bastola. Waliamini kazi waliyoifanya juu yake kila siku, na bastola nyingine walizoweka karibu nayo. Tena sehemu iliyowatia mashaka kuliko zote, fataki yenyewe, ndiyo sehemu ambayo mtengeneza nakala hana uwezo mkubwa wa kuirekebisha.

Fataki ilikuja kuondoa adha ya gumegume, ambayo nyundo yake ilishika jiwe na kupiga cheche kwenye kisahani cha baruti kilicho wazi kwa upepo na mvua. Mchungaji mmoja wa Scotland, Alexander Forsyth wa Belhelvie, aliyependa kuwinda ndege, alichoshwa na moshi wa kisahani uliowashtua ndege kabla risasi haijatoka, na mwaka 1807 akapata hataza ya kuwasha baruti kwa kemikali inayolipuka ikigongwa. Kufikia miaka ya 1820 wazo hilo lilikuwa limeingia ndani ya kikombe kidogo cha shaba nyekundu, kipana cha milimita 4 au 5 tu, chenye chembe ya fulminati ya zebaki ndani yake. Joshua Shaw wa Philadelphia alipata hataza ya Marekani mwaka 1822. Kikombe kinavishwa juu ya kinundu cha chuma chenye tundu, nyundo inakigonga, mwali unapenya tunduni, baruti inawaka. Kwa bunduki ya mtutu mmoja huo ulikuwa ukombozi. Mtu anayelijua gobore la fataki kama lilivyotumika kwetu anajua pia lilivyo na msamaha: fataki isipolia, mwindaji anaibandua na kuvisha nyingine, ikilia na kupasuka, vipande vinaanguka majanini na hakuna kinachoharibika. Kinundu kiko nje, kimoja, na hakuna kitu kinachongojewa kizunguke.

Bastola ya silinda ilichukua kinundu hicho hicho ikakizidisha mara sita, ikavipanga kwenye kitu kinachozunguka ndani ya fremu ya chuma, na hapo msamaha ukaisha. Baruti inapolipuka, sehemu ya nguvu yake inarudi nyuma kupitia tundu la kinundu. Inaisukuma nyundo juu kidogo na kukipasua kikombe cha shaba. Mpigaji anapokoki kwa risasi ya pili, nyundo inarudi nyuma, silinda inazunguka, na kipande kile cha shaba kinatafuta pa kwenda. Kikianguka nje, heri. Kikidumbukia kwenye mwanya ambamo nyundo hupita, kinakaa kati ya nyundo na fremu, na nyundo ikishuka haifiki kwenye fataki inayofuata. Kikibanwa kati ya silinda na ngao ya nyuma, silinda haizunguki. Nyundo za Colt zilikuwa na kinafasi kidogo usoni, cha kushika pini za usalama zilizo kati ya vyumba, na kinafasi hicho nacho hukidaka kikombe kilichopasuka na kukibeba hadi ndani ya mwanya. Ndiyo maana wapigaji wazoefu walikuwa, na bado wako, na mtindo wa kuinua mtutu juu kila wanapokoki, ili mabaki yaanguke nyuma, mbali na mtambo. Asiyejua hudhani ni madoido ya sinema.

Mfano mmoja ulioandikwa na aliyepatwa nao uko kwenye mwambao wa Wasomali. Alfajiri ya tarehe 19 Aprili 1855 kambi ya msafiri Mwingereza Richard Burton huko Berbera ilivamiwa. Burton mwenyewe alipigana kwa upanga, mkuki ukampitia mashavuni. Mwenzake Stroyan aliuawa. Bastola mbili zilizokuwapo zilikuwa mikononi mwa wenzake wengine wawili, John Hanning Speke na Herne. Burton anaandika kwamba zilifanya kazi kubwa wakati risasi zilipokuwamo, lakini zilipokwisha Herne alikwenda gizani kutafuta pembe yake ya baruti, asiipate, akaanza kutafuta mikuki. Speke naye, mwenye bastola ya Adams, anasimulia kwamba alimkabili mtu mkubwa kuliko wote waliokuwa mbele yake, akamwekea mdomo wa bastola kifuani, akavuta kifyatulio, silinda isizunguke. Alidhani fataki ilikuwa imekwama kwenye mtambo. Alikamatwa, akachomwa mkuki mara 11, akaponea chupuchupu. Miaka mitatu baadaye alikuwa akilitazama ziwa Nyanza. Tukio hilo lina thamani kwa swali letu kwa sababu linaonyesha aina zote mbili za kushindwa kwa usiku mmoja: bastola moja iliishiwa na haikuwezekana kujazwa tena, nyingine ilikuwa na risasi bado lakini ikajifunga. Na Adams haikuwa bastola duni. Wakati huo ilikuwa mshindani mkuu wa Colt nchini Uingereza.

Mtu anaweza kusema kwamba hizo zilikuwa siku za mwanzo, na ufundi ulikuwa bado mchanga. Historia ya chuma chenyewe haikubaliani naye. Samuel Colt alipata hataza yake ya Marekani tarehe 25 Februari 1836, na kiwanda chake cha kwanza cha Paterson, New Jersey, kilifilisika mwaka 1842. Bastola zake zilifufuliwa na askari wa Texas, waliozijaribu dhidi ya Wakomanche. Ile kubwa ya mwaka 1847, iliyobuniwa kwa ushauri wa Kapteni Samuel Walker na kutengenezwa katika karakana ya Eli Whitney mdogo, ilikuwa na uzito wa kilo 2 na ushee, ilimeza baruti nyingi kuliko bastola yoyote ya wakati wake, na silinda zake kadhaa zilipasuka. Fimbo yake ya kushindilia ilikuwa na kasoro nyingine: mshtuko wa risasi uliiangusha, ikaingia ndani ya chumba na kuizuia silinda. Lakini tazama jinsi kasoro hizo zilivyoondolewa upesi. Mwaka uliofuata silinda ilifupishwa, baruti ikapunguzwa, fimbo ikapata kishikio imara. Ilipotoka ile ya mwaka 1851, ambayo Marekani huitwa Navy, yenye uzito wa kilo 1.2 hivi, chuma cha bastola hakikuwa tena jambo la kulalamikiwa sana. Zilitengenezwa zaidi ya 200,000 huko Hartford, na nyingine 40,000 na zaidi katika kiwanda ambacho Colt alikifungua London mwaka 1853. Katika miaka yote hiyo fataki ilibaki ile ile: kikombe cha shaba, kinundu, mwali, vipande.

Kwa hiyo waliozibeba walifanyaje? Walifanya kazi. Charles Gross, aliyemfahamu Hickok mjini Abilene mwaka 1871, alisimulia miaka mingi baadaye kwamba Hickok alikuwa na desturi ya kwenda kufyatua bastola zake zote mbili asubuhi, kuzisafisha na kuzijaza upya kwa uangalifu mkubwa, ingawa hazikuwa zimetumika tangu jana yake. Alipoulizwa, jibu lake kwa ufupi lilikuwa kwamba akizichomoa lazima awe na hakika. Kumbukumbu ya mzee juu ya mtu mashuhuri huipokei bila tahadhari, na Hickok amebebeshwa hadithi nyingi. Hii naiamini kwa sababu haina sifa ndani yake: ni habari ya mtu anayefanya usafi. Tena inaendana na kemia. Baruti nyeusi ni shura, makaa na salfa, na adui yake mkubwa ni unyevu na mafuta. Bastola inayokaa kiunoni inakaa karibu na jasho. Fataki isiyokaza vizuri juu ya kinundu huingiza unyevu huo kwa nyuma; shahamu iliyopakwa juu ya risasi huyeyuka kwa joto na kupenya kwa mbele; na mafuta ambayo mwenyewe ameyapaka kuzuia kutu huteremka taratibu kupitia tundu la kinundu hadi kwenye baruti. Kabla ya kujaza, mpigaji mwangalifu huvisha fataki tupu kwenye kila kinundu na kuzipiga zote, kusudi mwali uchome mafuta yaliyobaki. Asipofanya hivyo anaweza kupata lile jambo baya kuliko mtambo kukwama: fataki inalia vizuri, chumba kinanyamaza.

Usafi wenyewe haukuwa wa kuahirishwa. Zaidi ya nusu ya uzito wa baruti nyeusi haigeuki kuwa hewa. Inabaki kama moshi mzito na masizi magumu yanayovuta maji. Masizi hayo hujaa kwenye mhimili wa silinda, na baada ya risasi kadhaa silinda inakuwa nzito kuzungusha. Hapa Remington ya mwaka 1858, ambayo fremu yake imara yenye chuma juu ya silinda husifiwa mno na watu wa leo, ilikuwa dhaifu kuliko Colt: mhimili wake ni mwembamba na laini, hauna mifereji ya kushika grisi, kwa hiyo hukaza mapema. Colt, iliyoshikwa pamoja kwa kabari tu, iliendelea kuzunguka wakati mwenzake amegoma. Wakati huo huo Remington ilikuwa na kitu kizuri ambacho Colt haikukiweza sawasawa, vinafasi kati ya vyumba ambamo nyundo ilipumzika salama, na bastola ikabebwa na risasi zote sita. Wenye Colt wengi hawakuziamini zile pini ndogo. Walijaza vitano wakaacha nyundo juu ya chumba kitupu. Hiyo nayo ni hukumu ya watumiaji, iliyotolewa kwa vitendo.

Kuhusu moto unaoruka kutoka chumba kimoja hadi kingine na kulipua viwili au vitatu kwa pamoja, habari zake hupendwa sana na wasimulizi. Ulitokea, na bado hutokea. Lakini ni nadra, na huzuilika kwa risasi inayokaza na fataki zinazokaa barabara. Sidhani ndio uliomkosesha usingizi mtu wa mwaka 1860.

Njia ya pili ya kujihami ilikuwa wingi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vinatoa ushahidi ambao watetezi wa bastola hii huutaja mara kwa mara bila kuona unakoelekea. Tarehe 27 Septemba 1864, karibu na Centralia, Missouri, kikosi cha Meja A. V. E. Johnston chenye askari 150 hivi, wenye bunduki ndefu za kushindilia kwa mdomo, kilikutana na wapiganaji wa msituni wa William Anderson waliopanda farasi. Askari walishuka chini, wakapiga mara moja, na kabla hawajajaza tena wapanda farasi walikuwa kati yao na bastola. Zaidi ya askari 100 walikufa. Ushindi huo ni wa bastola ya fataki, hilo halibishaniwi. Ila wapiganaji hao walibeba bastola kadhaa kila mmoja, nyingine kiunoni, nyingine kwenye tandiko. Huko Virginia watu wa John Mosby nao walitegemea jozi. Mpanda farasi hakujaza silinda katikati ya mapambano wala hakusimama kuchokoa kipande cha shaba kwenye mwanya wa nyundo. Iliyokwisha au iliyokwama ilirudi kwenye ala, nyingine ikachomolewa. Mtu mwenye bastola nne hupiga hesabu ya uaminifu tofauti kabisa na mwenye moja. Anayetaka kubeba nakala moja leo chini ya koti na kujilinganisha na watu wa Anderson amechukua nusu ya desturi na kuiacha nusu iliyoifanya ifanye kazi.

Wapo wanaojibu kwamba badala ya bastola nne palikuwa na silinda ya akiba, inayobadilishwa kwa sekunde chache kama inavyoonekana kwenye filamu. Kwa Remington inawezekana. Lakini silinda iliyojaa na kuvishwa fataki, ikitembea mfukoni, ni vinundu sita vilivyo uchi vinavyongoja kugongwa, na haishangazi kwamba ushahidi wa askari wa kawaida kupewa silinda za akiba ni mdogo kuliko umaarufu wake. Kilichogawiwa kwa wingi kilikuwa karatasi: baruti na risasi vilivyofungwa pamoja ndani ya karatasi nyembamba inayoungua, viliuzwa na kiwanda cha Colt kwa pakiti za sita sita. Karatasi zilipunguza kumwaga baruti juu ya farasi na zikaharakisha kujaza. Fataki bado zilivishwa moja moja kwa vidole.

Pingamizi zito kuliko yote ni hili: bidhaa mbovu hainunuliwi kwa mamia ya maelfu. Jeshi la Marekani lilizinunua, polisi walizibeba, wasafiri walizichukua hadi California na Australia. Ni kweli, na sitaki kuipunguza. Lakini neno kutegemeka lina maana likiwekwa kando ya kitu kingine kilichokuwapo. Mbadala wa mwaka 1851 ulikuwa bastola ya risasi moja, mara nyingine mbili, au kisu. Ikiwa silinda ya vyumba sita inajifunga baada ya risasi ya tatu, mwenyewe bado amepata tatu, na jirani yake amepata moja. Kwa kipimo hicho bastola ya Colt ilikuwa ajabu ya dunia, na sifa ilizopewa na watu wa wakati huo zilikuwa za haki. Kosa ni kuzichukua sifa hizo, zilizotolewa dhidi ya bastola ya risasi moja, na kuzitumia leo dhidi ya bastola yoyote ya kawaida inayokula risasi za ganda, zenye baruti na kiwashio ndani ya ganda moja. Anayefanya hivyo anamtaja shahidi ambaye hakuulizwa swali hilo.

Sasa nakala. Gardone Val Trompia ni mji wa mafundi bunduki tangu zamani. Hati ya mwaka 1526 inaonyesha fundi wa ukoo wa Beretta akiiuzia Venice mitutu 185. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Mmarekani Val Forgett, wa kampuni ya Navy Arms, alikwenda huko kutafuta atakayemtengenezea nakala za Colt ya mwaka 1851, kwa kuwa maadhimisho ya miaka 100 ya vita vya wenyewe kwa wenyewe yalikuwa yanakaribia na bastola za asili zilikuwa zimekwisha kuwa vitu vya makumbusho. Vittorio Gregorelli na Aldo Uberti waliikubali kazi hiyo. Uberti alikuza kampuni yenye jina lake, Pietta wakafuata, na soko likawa kubwa kiasi kwamba Colt wenyewe, walipozirudisha bastola zao za fataki mwaka 1971, walitumia vipande vya Italia. Kila nakala hupita kwenye ofisi ya serikali ya majaribio hapo Gardone, ikapigwa kwa baruti zaidi ya kawaida na kugongwa muhuri. Chuma chake ni imara kuliko cha Hartford ya mwaka 1851. Mimi sioni sababu ya kubisha juu ya hilo.

Tatizo ni kwamba nguvu ya chuma haikuwa ugonjwa wa bastola hii tangu ile ya Walker. Nakala inayotoka kwenye boksi huja na matatizo yake, na mengi yako pale pale penye fataki. Fataki zinazouzwa madukani ni namba 10 na namba 11, kutoka viwanda tofauti, na vinundu vya nakala havilingani nazo sawasawa kila mara: kimoja ni kinene mno, nyundo ya kwanza inaisukuma tu fataki ikae, ya pili ndiyo inayoiwasha, kingine ni chembamba, na fataki inadondoka bastola ikitikiswa, mpaka mwenyewe aibinye kwa vidole ishike. Katika baadhi ya nakala za Colt mhimili wa silinda haufiki mwisho wa tundu lake ndani ya mtutu, kwa hiyo kabari ikigongwa kwa nguvu zaidi au kidogo, nafasi kati ya silinda na mtutu inabadilika, na bastola iliyozunguka vizuri jana leo inakwaruza. Kuna pia nakala zenye fremu ya shaba ya njano, ambazo bei yake ndogo huwavuta wanaoanza. Asili yake ni kweli: kiwanda cha Griswold na Gunnison huko Georgia kilitumia fremu za aina hiyo kwa sababu Kusini ilikuwa na uhaba wa chuma, mpaka majeshi ya Kaskazini yalipokichoma mwaka 1864. Ila zile zilipiga risasi ndogo. Soko la leo huuza fremu hiyo pamoja na risasi kubwa ya jeshi kwenye umbo la bastola ya mwaka 1851, kitu ambacho kiwanda cha Colt hakikupata kukitengeneza, na shaba ikishindiliwa baruti nyingi hulegea taratibu. Mtu anajisifu kwa kubeba historia, kumbe amebeba bastola ya katalogi.

Watetezi hapa wana jibu la maana, nalo linastahili kusikilizwa hadi mwisho. Wanasema kasoro hizo zote zinatibika. Fundi hubadilisha vinundu kwa vingine vilivyochongwa kwa kipimo, vyenye tundu dogo ili nguvu inayorudi nyuma ipungue. Hujaza kinafasi cha uso wa nyundo na kuusugua mpaka uwe laini. Huweka kijichuma kwenye mwanya ili kizuie kipande cha fataki kisiingie. Hurefusha mhimili. Na bastola iliyofanyiwa hayo, wanasema, inapiga mamia ya risasi kiwanjani bila kugoma. Naamini. Lakini hebu tuhesabu walichokithibitisha. Kwanza, kutegemeka huko kumetoka kwenye benchi la fundi baada ya kununua, na mwenye nakala ya dukani hana. Pili, kiwanja cha shabaha hujaribu bastola iliyojazwa dakika tano zilizopita, kwenye mkono ulio mkavu, na mtu anayeinua mtutu kila anapokoki kwa kuwa hakuna anayemfukuza. Kubeba kila siku hujaribu kitu kingine: bastola iliyojazwa wiki tatu nyuma, ikapita mvua na jua na kiti cha gari, na mtu anayeivuta kwa hofu. Hata baruti imebadilika. Wengi hawapati baruti nyeusi kwa urahisi, hutumia mbadala wa kisasa kama Pyrodex, ambayo huhitaji moto mkali zaidi kuwaka. Fataki dhaifu iliyotosha kuwasha baruti ya Hickok inaweza isiiwashe hiyo. Mtu akitaka bastola ya namna hii imfae kiunoni, itambidi arudie kazi ya Abilene, kuifyatua na kuijaza upya kila asubuhi au karibu yake, na sijui mji wa leo ambao majirani wangeivumilia desturi hiyo.

Kwa nini basi swali halifi? Kwa sehemu kubwa ni sheria. Sheria ya bunduki ya Marekani ya mwaka 1968 iliziacha nje ya masharti yake mengi silaha zilizotengenezwa kabla ya mwisho wa mwaka 1898, pamoja na nakala zake zisizotumia risasi za ganda zinazopatikana kwa kawaida. Ndiyo maana katika majimbo mengi nakala ya fataki huagizwa kwa posta, wakati bastola ya kisasa inapita kwa muuzaji mwenye leseni. Hata hivyo, kuibeba mitaani ni jambo jingine, na majimbo hayafanani. Watunga sheria walidhani, si bila sababu, kwamba njia ya kuwasha baruti ni kipimo cha hatari. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulifikiri vivyo hivyo juu ya Afrika, pamoja na pwani yetu: bunduki za kisasa zikazuiwa, gumegume za mtutu laini na baruti ya kawaida ya biashara zikaachiwa mlango. Anayechagua nakala kwa sababu sheria haiitilii maanani anapaswa kujiuliza sheria iliijuaje kuwa si ya kutiliwa maanani.

Ushahidi wa mwisho ni jinsi wenyewe walivyoziacha. Smith na Wesson walianza kuuza bastola ndogo ya risasi za ganda mwaka 1857, wakilindwa na hataza ya Rollin White ya tarehe 3 Aprili 1855, iliyohusu silinda iliyotobolewa toka mwisho hadi mwisho. Kwa miaka 14 hataza hiyo iliwafunga mikono Colt na wengine. Waliobaki na fataki katika kipindi hicho hawakubaki wote kwa mapenzi. Mlango ulikuwa umefungwa na wakili. Tazama kilichotokea ulipokaribia kufunguka. Mwaka 1868 Remington ilianza kugeuza bastola zake zipokee maganda, kwa ruhusa ya Smith na Wesson, na mwaka huo huo Colt ikatoa silinda ya Thuer, ubunifu wa kuikwepa hataza ambao haukupata wanunuzi wengi. Hataza ilikwisha mwaka 1869. Colt ikafuata na mageuzi ya Richards mwaka 1871, yaliyozifanya bastola zake za zamani zipokee maganda, na mwaka 1873 jeshi lilikuwa na Colt mpya ya risasi za ganda. Wako waliozishikilia za zamani hadi miaka ya 1880, kwa umaskini au kwa kuwa baruti na risasi ya kuyeyusha vilipatikana hata pale ambapo maganda hayakufika. Lakini wenye uwezo walipeleka Colt na Remington zao kwa fundi, zikakatwa nyuma ya silinda, vinundu vikatupwa. Mtutu, mpini, fremu na uzito waliouzoea mkononi walivibakiza vyote. Leo madukani Marekani zinauzwa silinda za namna hiyo kwa ajili ya nakala za Italia, na wanaozinunua wengi ni wale wale waliokwisha kuzipiga nakala zao kwa fataki.